Magoti Niliyoyasingizia

Nianze na ujinga wangu, maana bila huo sina cha kusimulia. Kwa miezi mitano niliwaambia watu wa nyumbani kwangu kwamba naumwa magoti. Magoti yangu hayakuwa na kitu. Yalikuwa magoti mazima, manene, ya mwanamke wa miaka thelathini na sita anayependa kula, na yangeweza kunifikisha Rwanda kwa miguu na kunirudisha kama ningekuwa mtu wa safari. Kilichokuwa kinaharibika ni macho. Lakini nikayasingizia magoti. Yakapakwa dawa, yakakandwa kwa maji ya moto, yakafungwa majani, na mama mkwe wangu akayasalia novena, siku tisa kamili, wakati ugonjwa wenyewe umekaa kichwani umetulia, hakuna anayeusumbua.

Nieleze kwa nini magoti. Kwetu Buganguzi mwanamke hamsalimii mkubwa wake akiwa wima. Unapiga magoti, unainamisha kichwa, unatoa salamu yako polepole, unasubiri iitikiwe, ndipo unainuka. Nimefanya hivyo tangu utotoni bila kufikiri, kama mtu anavyopangusa miguu mlangoni. Mama mkwe wangu, Ma Paulina, anaishi ndani ya kibanja chetu hikihiki, kati ya mlango wake na jiko langu kuna migomba tu. Kila asubuhi naenda kumsalimia.

Asubuhi moja, msimu wa kuvuna kahawa, nikapiga magoti kama kawaida. Nikainamisha kichwa, nikasema "waitu", neno letu la heshima, nikainua uso nimtazame. Hayupo. Si kwamba aliondoka. Dunia nzima ilikuwa imezimika kama kibatari kilichopulizwa. Nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Mwanga ukaanza kurudi kutoka pembeni, migomba kwanza, halafu ukuta, halafu Ma Paulina mwenyewe, ananiuliza mbona nimemtolea macho kama aliyeona nyoka.

Nikasema, "Magoti, mama. Yameniuma ghafla."

Neno lilitoka lenyewe. Likishatoka, ikabidi niliishi.

Mtu mwenye akili atauliza kwa nini sikusema macho. Jibu langu linaniaibisha lakini ndilo la kweli: magoti yanatibiwa nyumbani. Macho na kichwa vinatibiwa Bukoba. Na mimi sitoki nyumbani. Majirani wananiita Konokono. Nikifika Muleba mjini kununua sare za shule, saa sita mchana tayari nimeshaikumbuka sufuria yangu. Mume wangu, Baba Anjela, ananunua dagaa kisiwani Goziba na kuwauza huku bara. Kwa miaka kumi na mmoja ananiomba niende angalau siku tatu nione mahali anapolala, na kwa miaka kumi na mmoja namwambia mwakani. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, kwa hiyo mwezi ukipevuka uvuvi unasimama naye anarudi nyumbani. Ndivyo ndoa yangu inavyohesabiwa. Watu wengine wana kalenda ukutani, mimi nina mwezi juu ya migomba. Sasa mtu wa aina hiyo umwambie alale Bukoba wodini?

Basi nikaacha kupiga magoti. Nikawa nasalimia nimesimama, mkono kiunoni, nimekunja uso wa maumivu niliouiga kwa shangazi yangu mmoja mwenye baridi yabisi. Mwanzoni Ma Paulina alinihurumia. Akachemsha majani, akanikalisha kwenye mkeka, akanikanda magoti kwa mikono yake, jioni baada ya jioni. Nilikuwa naona aibu mpaka kwenye nyayo. Lakini wiki zilivyopita bila nafuu, huruma ikapoa. Nikaanza kusikia maneno kutoka kwa Anjela, binti yetu wa miaka tisa ambaye hajui kuweka siri wala hatafuti kujua. Bibi amesema siku hizi wake za wafanyabiashara wanasalimia kama askari. Bibi amesema mama akipata godoro jipya magoti yanagoma. Ningejiteteaje? Kila kitu alichosema kuhusu magoti yangu kilikuwa kweli kuliko nilichosema mimi.

Aliyenigundua mapema ni Koletha, jirani yetu wa upande wa chini. Koletha anaongea kama mtu anayepasua kuni, hapepesi, hafuti jasho. Siku moja mbuzi aliingia kwenye maharage yangu, nikamkimbiza mpaka barabarani na fimbo mkononi. Narudi nahema, namkuta Koletha amesimama kwenye njia.

"Konokono," akasema, "kwa mbuzi magoti yamepona? Ni ya salamu tu yanayouma?"

Nikacheka, nikapita. Nilipoinama kuokota fimbo iliyoniponyoka, akazimika yeye na njia na maharage. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Zamani zilikuwa nne.

Wakati huo kichwa nacho kilikuwa kimejiunga. Kinaniamsha alfajiri kabla ya jogoo, kimejaa kama mtungi uliofika shingoni. Na sikioni mlio: hu, hu, hu, kama mtu anapepeta maharage kwa kufuata mapigo ya moyo wangu. Nilikuwa natafuna kahawa kavu, ile tunayochemsha na majani na kuwapa wageni, natafuna mchana kutwa kama mbuzi yuleyule. Ilinipa nafuu ya saa moja, nikajipongeza kuwa mganga. Kwa anayesoma haya na anatafuna yake sasa hivi: mimi nilikuwa hodari kukuzidi, na unaona ilikonifikisha.

Senene, panzi wetu wa kukaanga, wakaja na mvua za Novemba. Hakuna asiyefurahi wakati wa senene kwetu, hata wenye deni la msiba hutoka nje. Anjela akaja mbio na kopo lake limejaa, ananiambia mama nyonyoa. Nikaona Anjela wawili, wamesimama bega kwa bega, kila mmoja na kopo. Nikanyoosha mkono kwa yule wa kushoto. Mkono ukashika hewa. Yule wa kulia ndiye aliyekuwa mwanangu. Akacheka akidhani namtania, nami nikacheka naye ili asiogope, halafu nikatapika palepale mlangoni.

Baba Anjela alikuwa kisiwani, mwezi ulikuwa gizani, simu yake haipatikani. Ma Paulina alivaa gauni lake la kanisani, akafunga kanga mbili kwenye mfuko, akamwachia Koletha mtoto na kuku, akanitia kwenye gari. Njia nzima nilifumba macho. Si kwa maumivu tu. Nilikuwa naaga migomba.

Kitengo cha dharura pale Bukoba kina mabenchi ya mbao, na mtu anayependa kwao hulijua benchi haraka, kwa sababu haoni kingine cha kushika. Nilikaa mwisho, karibu na dirisha. Kulikuwa na mtu aliyeanguka na pikipiki, mzee anayepumua kwa shida, mama na mtoto wa homa. Nilijilinganisha nao nikaona mimi nina nafuu, nikaanza kupanga jinsi ya kurudi jioni ileile. Akaja muuguzi mwenye mvi, Sista mfupi wa sauti ya chini, akauliza nasikia nini. Nikasema malaria. Halafu, kwa kuwa Ma Paulina alikuwa ananisikiliza, nikaongeza: na magoti.

Akanipima homa, akatoboa kidole. Malaria hakuna. Akauliza kichwa kina siku ngapi. Nikasema siku nyingi kidogo. Akaniangalia kama mwalimu anayemwangalia mtoto aliyesema mbwa amekula daftari.

"Njoo nikupige picha," akasema.

Alinipeleka kwenye kichumba cha pembeni, akavuta pazia pakawa giza. Juu ya meza kulikuwa na mashine yenye mahali pa kuegemeza kidevu. Mimi nikadhani ni picha ya kadi ya hospitali. Nikatengeneza kilemba, nikafuta midomo, nikaegemeza kidevu na kutabasamu.

"Mama," akasema Sista, "meno hayatatokea. Ninapiga ndani ya jicho."

Akaniambia nitazame kidoa cha kijani nisipepese. Mwanga ukapiga, mweupe, mara moja jicho la kulia, mara moja la kushoto. Hakuna sindano, hakuna dawa ya kutia machoni. Kupanga foleni ya ubatizo kunachosha zaidi. Alinieleza kwamba siku hizi wanaokuja na kichwa cha siku nyingi hupigwa picha hiyo pale pale kwenye dharura, kabla daktari hajakaa, kwa sababu nyuma ya jicho ndipo ubongo unapochungulia nje. Hayo ndiyo maelezo yote ya kitabibu nitakayotoa, na nimeyatoa kama nilivyopewa.

Ma Paulina alikuwa amesimama kwenye pazia. Sista akageuza kioo tuone. Picha ilikuwa duara la rangi ya chungwa lenye mishipa kama mizizi ya mgomba, na upande mmoja doa jeupe. Halafu akatuonyesha nyingine, akasema ni ya jicho lake mwenyewe, alijipiga akijifunza. Doa lake lilikuwa limekatwa vizuri, kingo safi, kama mwezi mpevu ambao Baba Anjela hurudi nao. La kwangu halikuwa na kingo. Lilikuwa limevimba na kufifia, mwezi ulioingia ukungu wa ziwani.

Sista hakusema mbaya wala nzuri. Alikuwa anaituma picha yangu kwa simu kwa daktari wa macho, kidole kinagonga. Kisha akaniuliza, hata bila kugeuka, kama mtu anayeuliza njia:

"Ukiinama, au ukipiga magoti halafu ukainuka, macho huwa yanazima?"

Miezi mitano. Hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu sikumpa mtu yeyote nafasi ya kuuliza. Na sasa mashine isiyojua Kihaya wala mila zetu ilikuwa imeniona nimepiga magoti kwenye ua wa mama mkwe wangu nikihesabu gizani. Nikamtazama Ma Paulina. Wawili, kwa kuwa wakati huo kila mtu alikuwa wawili. Nikasema ndiyo. Sista akauliza tangu lini. Nikasema tangu kahawa.

Ma Paulina akasema, "Kwa hiyo si magoti."

"Si magoti, mama."

Akageuka, akaanza kulinyoosha pazia. Afadhali angenipiga.

Jibu la daktari wa macho lilirudi kabla sijamaliza kikombe cha maji, na hapo hospitali ikabadilika. Watu waliokuwa wanatembea wakaanza kukaza mwendo, na sababu ni mimi. Nikatolewa kwenye benchi nikawekwa kwenye kitanda cha magurudumu, jina langu likasomwa kabla ya la aliyeanguka na pikipiki. Amini usiamini, nililitamani lile benchi. Kwenye benchi nilikuwa mtu wa malaria anayerudi kwao jioni.

Kipimo cha kichwa kilisema hakuna uvimbe. Daktari wa zamu, kijana mpole, akaeleza kwamba maji ya kichwani yamezidi nguvu na yanakandamiza mshipa wa jicho, na kwamba tukichelewa nitapofuka. Alilisema hivyohivyo, bila kulizungusha, nami namshukuru, kwa sababu mimi ni bingwa wa kuzungusha. Akataka kunichoma sindano mgongoni ayatoe.

Dada yangu Fortunata, anayeishi Ijuganyondo, alikuwa amefika. Akanishika mkono akaninong'oneza nikatae, kwamba anamjua mtu aliyechomwa mgongoni akapooza. Kila mtu anamjua mtu huyo. Nimemuulizia tangu wakati ule, hana jina wala kijiji. Lakini saa ile nilimwamini, nikasema kwa sauti kwamba sitaki, nataka kurudi nyumbani. Nililia kama Anjela.

Ma Paulina akasogeza stuli hadi kichwani kwangu.

"Nimemkanda magoti miezi mitano bure," akamwambia daktari. "Leo panapouma kweli, nishike wapi?"

Daktari akamwonyesha ashike mabega yangu, nijikunje kama paka anayelala. Akashika. Sindano iliingia, nikasikia msukumo, si maumivu makali kama nilivyoogopa. Nilisikia daktari akimwambia Sista namba fulani ya nguvu ya yale maji na Sista akivuta pumzi. Nilichokijua mimi ni kwamba mlio wa kupepeta maharage, uliokuwa sikioni mwangu tangu Julai, ulipungua, ukawa wa mbali, ukanyamaza. Nikamwambia Ma Paulina pamekuwa kimya. Akadhani naweweseka.

Baada ya wodi nilihamia kwa Fortunata kwa sababu walitaka niwe karibu, picha kila wiki, vidonge asubuhi na jioni, na sindano ya pili wiki ya tatu. Ijuganyondo si mbali, tena kuna migomba. Hilo ndilo lilikuwa linaniumiza. Ingekuwa kuna maghorofa ningevumilia. Lakini kuamka na kuona mgomba ambao si wangu, ambao sijui ulipandwa na nani wala utakatwa lini, ilikuwa kama kusikia mtu anaitwa kwa jina la mama yako ukageuka na kukuta mgeni.

Vidonge vina vituko vyao, nitaje ili usiogope. Vidole na midomo inachezacheza kama imekaliwa na sisimizi. Unakwenda msalani mpaka mlango unakufahamu. Na soda inageuka ladha, inakuwa kama umelamba msumari. Fortunata aliniletea soda ya chungwa kunipoza, nikamwambia imeoza, akainywa yeye akaniangalia kwa mashaka. Daktari alisema pia nipungue mwili. Nikapungua. Gauni likaanza kuning'inia, na kwetu mwanamke akipungua watu hawaulizi amekula nini, wanauliza ana nini. Majirani wa Fortunata walikuja kunipa pole wakinitazama mikono kwanza.

Siku nyingi nilikaa barazani nikipiga simu nyumbani. Ma Paulina alikuwa amesharudi, na Anjela ndiye aliyeshika simu ya bibi yake. Namuuliza mnapika nini. Ndizi na maharage. Umezifunika na majani? Ndiyo mama. Yapi, ya mgomba wa nyuma ya choo au ule wa karibu na kahawa? Mama, majani ni majani. Namwambia sogeza simu kwenye sufuria. Anasogeza. Nami nakaa barazani kwa watu nasikiliza sufuria yangu ikichemka umbali wote huo, mpaka salio linakata. Fortunata akanikuta hivyo siku moja, simu sikioni, machozi yanatiririka, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni ndizi.

Na Baba Anjela? Nilipolazwa alinipigia siku ya nne, mtandao wa kisiwani ulipoamka. Nikamwambia malaria tu, usije, mwezi bado giza, kazi ipo. Unaona, ugonjwa ulinipunguza mwili, uongo haukunipunguza. Nilikuwa naogopa aje nishindwe kumwona. Kwa simu alikuwa mmoja, mzima, sauti yake ileile. Nilitaka abaki hivyo.

Sikujua kwamba Ma Paulina alishamwambia yote. Alasiri moja nilikuwa barazani nimefumba macho, nikasikia harufu ya dagaa. Si ya sokoni. Ile iliyoingia kwenye koti na haitoki hata kwa sabuni ya mche, ambayo kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiilalamikia. Nikafumbua. Kwenye lango walikuwa wamesimama wanaume wawili wenye koti moja la bluu.

Nikaweka kiganja juu ya jicho la kushoto. Akabaki mmoja.

"Ndiyo salamu gani hiyo?" akauliza.

"Natafuta yupi ni wangu," nikasema. "Mmoja ananitosha, wawili nitawalisha nini."

Akaketi chini kwenye ngazi, sehemu ambayo ningeweza kumtazama bila kuinamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia. Aliiacha kazi katikati ya giza, jambo ambalo hakulifanya hata Anjela alipozaliwa. Alikaa siku sita. Kila asubuhi ananiuliza niko wangapi leo, nami namjibu. Siku ya tano nilitoa kiganja, akabaki mmoja na nusu. Tulicheka mpaka Fortunata akachungulia.

Kabla hajaondoka nilimwambia, kwa mara ya kwanza bila mtu kuniomba, kwamba nikipona nitakwenda kuiona Goziba. Alitazama ziwa, ambalo kutoka pale kwa Fortunata ni mstari tu nyuma ya miti, akasema haikuwa lazima niugue ili nitamani.

Krismasi ikafika. Mhaya popote alipo Krismasi hurudi kwao. Magari yanajaa barabara ya Muleba, waliopotea miaka wanatokea na watoto wasiojua kumenya ndizi. Mwaka huo walirudi wote. Mimi, ambaye sijawahi kutoka, ndiye niliyekosekana. Koletha alinipigia simu mchana, kelele nyuma yake, akasema hata mwanangu wa Dar yupo, wewe Konokono umelipeleka wapi gamba lako.

Picha zilienda zikibadilika polepole. Sista aliziweka pamoja kwenye kioo ili nizione kwa mpangilio: ya kwanza ukungu mtupu, ya tatu ukingo mmoja umeanza kuonekana, ya saba karibu mwezi mpevu. Nilikuwa nazisubiri kuliko chakula. Lakini kuna kipimo kingine cha kubonyeza kitufe kila ukiona taa, na hicho kilisema kilichopotea: pembe ya chini upande wa kushoto haikurudi. Daktari wa macho akaniambia kilichokwenda kimekwenda, tulinde kilichobaki. Nikamuuliza, ningekuja Juni? Akafunga faili. Akasema Juni angenipa vidonge na kunirudisha nyumbani kwangu.

Nyumbani kwangu. Nililiwaza hilo siku nzima. Nilidanganya ili nisitoke nyumbani, na uongo ndio ulioninyima nyumbani miezi mitatu na kipande cha macho juu yake.

Siku ya mwisho Sista aliniomba niandike haya, ili ayabandike karibu na benchi. Nikamwambia mimi niliishia kidato cha nne. Akasema hao wa kwenye benchi hawataniuliza cheti. Basi ninyi mliokaa hapo mnasema malaria: semeni vyote. Hata la aibu. Hata mkiwa mmekaa na mama mkwe. Na mkiambiwa picha, msitabasamu, haisaidii.

Nilirudi mwishoni mwa Februari, mvua kubwa zinaanza. Gari lilinishusha juu barabarani, nikashuka njia ya kibanja kwa miguu, nashika mgomba mmoja mmoja kama padre anayepita kwenye viti. Kuku alipita upande wa kushoto chini, sikumwona, nikamkanyaga, akanitukana. Anjela alikuja mbio. Mmoja.

Ma Paulina alikuwa mlangoni kwake. Aliponiona nashika mwimo wa mlango akajua ninachotaka kufanya.

"Wacha," akasema. "Nisalimie umekaa. Nimekusamehe magoti."

Nikayapiga. Nilishuka taratibu, moja halafu la pili, nikainamisha kichwa mpaka nikaona vidole vyake vya miguu, kucha moja imepasuka, vumbi la kahawa katikati. Kwa miezi tisa sikuwahi kuviona vikiwa palepale tangu mwanzo wa salamu hadi mwisho. Nikasema maneno yote bila haraka. Nikangoja. Akaitikia. Nikainua uso, nikaanza kuhesabu kwa mazoea, moja, na sikufika mbili. Alikuwa yupo. Chini kushoto palikuwa na shimo, nusu ya kanga yake haikuwepo, lakini uso ulikuwepo wote, na ulikuwa umelowa.

Jioni watu walijaa jikoni. Nikasimulia yote, mashine, meno, wanaume wawili langoni, sufuria kwenye simu, nikasimulia mpaka ndizi zikapoa, nikaanza tena kwa aliyechelewa. Koletha alikuwa kwenye kigoda karibu na moto, anamenya, hajanitazama hata mara moja. Alisubiri nivute pumzi.

"Macho yamepungua, mdomo umebaki vilevile," akasema. "Ungeutumia mapema, leo ungekuwa na vyote viwili."